Mtulinga wa Zisis

Mfupa wa kwanza niliouunga peke yangu niliuunga vibaya. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Baba yangu, aliyekuwa muunga mifupa wa vijiji vyote vya upande wetu wa mlima, tulikuwa tumemzika majira yale ya baridi, na watu wa Kastanula walikuwa hawajaamua kama mkono wa binti unaweza kurithi kazi ya baba. Ndipo Zisis alipofika mlangoni kwangu ameshikilia bega la kulia, uso mweupe kama maziwa ya kondoo. Alikuwa ameanguka kutoka juu ya mti.

"Asimina," alisema, "kama hujui, sema hujui, nikamtafute daktari wa mifugo."

"Daktari wa mifugo angekufaa zaidi," nikamjibu, "ila yuko mbali. Kaa."

Nikamkalisha kwenye kigoda, nikaweka goti langu katikati ya mgongo wake, nikayavuta mabega yake nyuma. Mtulinga ni mfupa mwembamba uliojipinda kidogo, unatoka chini ya koo mpaka ncha ya bega, na ndio unaolizuia bega lisiangukie kifuani. Ukivunjika, mkono mzima huning'inia kama koti lililotundikwa vibaya. Nilisikia vipande viwili vikikutana chini ya vidole vyangu. Nikampaka ute wa mayai uliopigwa na sabuni, nikabandika sufu mbichi, nikamfunga kitambaa kilichopita chini ya makwapa yote mawili na kupishana mgongoni. Nikamwambia akae siku arobaini bila kuinua hata kikombe.

Siku ya tisa alikuwa msituni anakata misonobari.

Vipande vikapandana, vikashikana hivyo hivyo vilivyopandana, na Zisis akabaki na fundo juu ya ukosi wa shati, kubwa kama kokwa ya zeituni. Kila nilipomwona kanisani jicho langu lilikwenda pale. Hata alipomwoa Garufalia, nilikuwa nimesimama kando yao na mshumaa mkononi, naliangalia lile fundo badala ya taji la bibi harusi.

Waliishi pamoja miaka kumi na mitatu na hawakupata mtoto. Kisha wanaume wa milimani wakaanza kuitwa magharibi, kuchimba handaki la kupitishia maji. Zisis akaenda. Mlima ukaporomoka juu ya watu wawili: Zisis wetu na Stergios wa Ano Rahi, kijiji kilicho ng'ambo ya pili ya mlima wetu. Walirudi katika masanduku yaliyopigiliwa misumari, na maagizo kwamba yasifunguliwe, kwa sababu ndani hamkuwa na sura ya kuangaliwa. Juu ya kila kifuniko jina lilikuwa limeandikwa kwa chaki. Siku hizo mvua ilikuwa inanyesha.

Kwetu maiti hulala ardhini miaka mitano. Baada ya hapo ndugu humfukua, wakaiosha mifupa yake kwa divai, wakaiweka kwenye kisanduku ndani ya chumba cha mifupa nyuma ya kanisa, pamoja na wazee wake. Katika miaka hiyo mitano Garufalia alikwenda kaburini kila siku mchana, wakati kijiji kizima kimelala na hata mbwa hawana nguvu ya kubweka. Nilikuwa nikimwona kutoka dirishani, mweusi katika mwanga mweupe, ameketi anaongea. Mikono yake ilikuwa inaongea pia.

Mara nyingine alipita kwangu akitoka huko.

"Dada Asimina, nimemwota tena."

"Amesema nini?"

"Hasemi kitu. Amesimama kwenye maji, amenipa mgongo. Hivi mume atakujaje ndotoni halafu akupe mgongo?"

"Waliokufa wana haya," nikamwambia.

Siku ya kufukua ilikuwa Jumamosi, majuma matatu baada ya Pasaka, nyuki wakivuma ukutani mwa makaburi. Garufalia alichimba mwenyewe. Wanawake walisimama kulizunguka kaburi wakiimba maombolezo kwa sauti ya chini, ile sauti inayofanana na kubembeleza mtoto. Fuvu likatoka kwanza. Likafungwa leso nyeupe, likapita mkono kwa mkono, likabusiwa. Kisha Garufalia akanyoosha mgongo na kuniambia, "Ingia wewe, dada. Unaijua zaidi."

Nikashuka shimoni. Kulikuwa na baridi mle, na harufu ya uyoga. Nilikuwa nimeishika mifupa ya watu miaka mingi kupitia ngozi, na joto, na kelele za wenyewe. Sikuwahi kuishika ikiwa kimya. Niliuchambua udongo kwa vidole kama mtu anayetafuta pete kwenye unga. Nikapata kombe la bega, pana na jembamba. Nilipoliinua juani mwanga ulipenya katikati yake kama kwenye karatasi ya mafuta. Nikapata mfupa wa mkono wa juu, kichwa chake cha mviringo na laini, na nikauegemeza kwenye kijisahani cha kombe, mahali ambapo maisha yangu yote nilikuwa narudisha mikono iliyotoka bila kupaona. Ukakaa sawasawa. Nikapata mifupa miwili ya kigasha, ule uliotulia na ule unaozunguka juu ya mwenzake mtu akigeuza kiganja. Yote ilikuwa na rangi ya nta. Nilisahau nilipo. Nadhani nilikuwa na furaha, Mungu anisamehe.

Kisha nikauinua mtulinga wa kulia.

Ulikuwa mzima. Nikaupangusa kwa aproni. Ulikuwa umejipinda mpindo wake wa kawaida, laini kutoka ncha hadi ncha, kama haukuwahi kuanguka popote. Nikautafuta wa kushoto, labda nilikuwa nimekosea upande. Na wenyewe ulikuwa laini.

Garufalia alikuwa amepiga magoti ukingoni na beseni la divai. Akanyoosha mkono. Nikampa, ningefanya nini? Kidole gumba chake kikatembea juu ya mfupa, kikafika mwisho, kikarudi. Kikatembea tena. Wanawake waliendelea kuimba. Hakuniangalia. Akautia mfupa kwenye divai, akaufuta, akauweka kisandukuni pamoja na mingine, na Padri Fotis akasoma maneno yake, tukala ngano tamu ya marehemu kila mtu kiganjani mwake.

Siku hiyohiyo jioni, jua likiwa bado juu ya paa, alikuja kwangu. Hakukaa.

"Dada, nikuulize kitu cha kazi yako. Mfupa uliounganika vibaya, ukikaa chini ya udongo miaka mitano, unaweza kunyooka?"

Alikuwa ameshika nguzo ya mlango. Nilimwona alivyokonda.

"Unaweza," nikasema. "Udongo unalainisha. Ukiwa na unyevu, mfupa unarudi ulivyoumbwa."

"Ahaa."

"Baba aliwahi kuniambia." Baba hakuwahi kuniambia kitu kama hicho.

"Basi asante, dada," akasema, akaenda zake.

Siku ya pili yake mchana nililala, na usingizi ulikuwa mzito kama blanketi lililolowa. Nikaota niko kwenye benchi langu la kazi na mtu ameketi mbele yangu, ukungu ukimfunika kutoka shingo kwenda juu. Akaniletea mkono wake wa kushoto. Nikaupapasa kuanzia bega kushuka, kama ninavyofanya siku zote, nikamwuliza, "Unaumwa wapi?" Akasema, taratibu kabisa, "Siumwi popote. Nataka tu kujua mkono huu umo mikononi mwa nani." Nikaamka kinywa kikavu, njiwa wakilia kwenye kidirisha.

Nikaenda kanisani. Ufunguo wa chumba cha mifupa huning'inia kwenye msumari na hakuna aliyeniuliza. Nikalifungua sanduku lenye jina la Zisis, nikaipanga mikono yote miwili juu ya leso, kulia na kushoto, nikakaa nayo muda ambao siwezi kuueleza, kwa kuwa mle ndani saa hazikuwa zikitembea. Mfupa wa juu wa kushoto ulikuwa mnene kuliko wa kulia. Ule mgongo wa mfupa ambapo nyama ya bega hushikilia ulikuwa umeinuka na kukwaruza, upande wa kushoto tu. Na juu kidogo ya kiwiko, katika mikono yote miwili, palikuwa na kitundu chembamba kilichopenya mbele hadi nyuma. Sikuwahi kukijua kitu hicho. Nikakiinua kwenye jicho nikauona mlima kupitia humo, mdogo, wa buluu.

Zisis alikata miti kwa mkono wa kulia maisha yake yote. Huyu alikuwa mtu wa mkono wa kushoto.

Kesho yake asubuhi nilimkuta Garufalia anaanika shuka.

"Nilikudanganya," nikasema. "Mfupa haunyooki. Uwe juu ya ardhi au chini yake, ukishashikana umeshikana."

Akabana kibanio kimoja, akachukua kingine. "Najua."

"Unajua?"

"Dada, nimelala na yule mtu miaka kumi na mitatu. Kidole changu kilikuwa kinalala pale kwenye fundo kama kuku kwenye yai. Unadhani nilikuja kukuuliza kwa sababu sijui?"

"Sasa ulikuja kuuliza nini?"

"Nilitaka kuona kama utanidanganya."

"Nikakudanganya."

"Tena vizuri. Nimelala usingizi siku mbili mfululizo." Akaliweka kapu chini. "Basi, inatosha. Vaa viatu vyako vya mlimani."

Tuliondoka alfajiri ya kesho yake. Garufalia aliitia mifupa yote kwenye foronya mbili safi na fuvu kwenye leso yake, akaifunga juu ya punda kwa blanketi ili isigongane. Padri Fotis alitusimamisha getini.

"Mnakwenda wapi na marehemu?"

"Kumrudisha kwao, Padri."

Alitazama foronya, akatazama mimi, akafumba macho kama mtu anayepiga hesabu. "Miaka mitano nimekuwa nikimwombea kwa jina la Zisis," akasema. "Sasa itabidi nimwandikie Mungu masahihisho." Akasogea pembeni tupite.

Njia ya Ano Rahi inapanda msituni saa tatu nzima, na siku hiyo ukungu ulishuka kutukuta. Tulikuwa tunaona masikio ya punda na si zaidi. Misonobari ilikuwa inajitokeza mmoja mmoja, inatutazama, inarudi ndani. Kengele ya punda ilisikika kama inatoka upande mwingine, kana kwamba kulikuwa na wanawake wengine wawili wanaoteremka na punda wao sambamba na sisi. Katika ukungu ule Garufalia akaanza kuongea, bila kugeuka.

"Siku aliyoondoka sikutoka kumuaga. Tuligombana usiku wake. Nilimwambia mtu asiye na mtoto hahitaji kwenda kuchimba milima, akaniambia mtu asiye na mtoto hana cha kumweka nyumbani. Nikajifungia. Alisimama mlangoni akaniita mara mbili. Nilikuwa nasikia."

"Hukuniambia haya."

"Nilimwambia yeye. Pale kaburini. Mwaka wa kwanza nilimtukana, mwaka wa pili nikalia, wa tatu nikamwomba radhi. Miaka miwili iliyobaki tulikuwa tunapiga soga tu, habari za kuku." Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Kumbe nimemwomba radhi mtu ambaye sikumkosea kitu."

"Alikusikiliza."

"Alinisikiliza vizuri kuliko Zisis," akasema, kisha akaziba mdomo kwa mkono.

Mama yake Stergios, Bibi Lemonia, alikuwa ameketi kwenye ngazi ya nyumba yake anachambua maharage. Macho yake yalikuwa yamefunga utando, lakini vidole vilikuwa vinaokota mawe na kuyatupa bila kukosea.

"Kama mnauza sabuni, ninayo," akasema kabla hatujafika.

"Hatuuzi sabuni, mama," Garufalia akajibu. "Mimi ni mke wa Zisis, wa Kastanula."

Vidole vikasimama.

"Yule aliyekufa na mwanangu."

"Ndiyo, mama."

"Kaeni. Kuna maziwa, kuna mkate. Na mwenzako ni nani, mbona anapumua kama punda?"

"Huyo ni punda, mama. Mwenzangu yuko huku."

Akacheka, meno mawili. Tukakaa. Sikujua pa kuanzia, nikaanza na kazi yangu, maana ndiyo lugha ninayoijua. "Bibi, mwanao alikuwa akitumia mkono gani?"

"Wa kushoto. Shetani mdogo. Mwalimu aliufunga kwenye benchi wiki nzima ili aandike kwa kulia. Nikaenda shuleni nikaufungua mwenyewe, nikamwambia mwalimu akirudia nitamfunga yeye, tena shingo. Kwa nini unauliza?"

Nikafungua foronya, nikauchukua mfupa wa juu wa kushoto, nikauweka kwenye mapaja yake juu ya maharage. Akaupapasa. Alianza na kichwa chake cha mviringo, akateremka kwenye ule mgongo uliokwaruza, akakawia pale, akafika kwenye kiwiko, na ncha ya kidole chake ikaingia kwenye kile kitundu ikatulia. Hakuuliza ni nini. Nilimwona anabadilika uso polepole, kama maji yanavyobadilika wingu linapopita juu yake.

"Leteni wa kulia," akasema.

Nikamletea. Akaipima miwili kwa viganja, mmoja huku, mmoja huku.

"Huku kwetu tunafukua baada ya miaka minne, basi mwaka jana tulimfukua yule mwingine," akasema. "Nilimwosha mwenyewe. Nikakuta hapa penye mtulinga pamevunjika, pameunganika ovyo ovyo. Nikasema, mwanangu, uliumia ugenini na hukuniandikia, hukutaka nijue. Nimelilia mfupa huo mwaka mzima. Na nimemlaani kila siku huyo mpumbavu aliyeuunga, mkono wake ukauke."

"Ni mimi, Bibi," nikasema.

Akanigeuzia yale macho meupe.

"Siku ya tisa alikwenda kukata miti," nikaongeza.

"Wote mnasema hivyohivyo," akasema Bibi Lemonia.

Na hapo Garufalia akaangua kicheko. Alicheka mpaka akashika ukuta, akasema, "Dada, ungeufunga vizuri ningemkosa! Ungekuwa hodari nisingempata kamwe!" halafu kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, akaketi chini kwenye vumbi pale ngazini, na bibi akamwekea mkono kichwani, ule wenye mfupa bado ndani yake.

Kisanduku cha Zisis kililetwa kutoka chumba cha mifupa cha Ano Rahi. Tuliosha wote wawili tena, katika mabeseni mawili, ukungu ukiwa umeinuka hadi kwenye paa tu. Fundo lilikuwepo. Lilikuwa dogo kuliko nilivyolikumbuka. Garufalia aliweka kidole pale na hakukitoa wakati wote tulipokuwa tukifuta mifupa mingine, kwa hiyo mimi na bibi ndio tuliofanya kazi.

"Ulikuwa unamwambia nini mwanangu, miaka yote hiyo?" Bibi Lemonia akauliza.

"Habari za nyumbani, mama. Kuku. Mvua. Na mambo mengine yasiyomhusu."

"Mimi wako nilimweleza alivyozaliwa. Alivyougua surua, nilivyombeba mgongoni kwenye theluji kumpeleka kwa daktari. Nilikuwa namwimbia. Maskini, alikuwa anashangaa huyu mama ni nani."

Garufalia akainua uso. "Zisis hakuwa na mama," akasema. "Alikufa akimnyonyesha. Hakuna aliyewahi kumwimbia."

Bibi alichukua leso akaendelea kulifuta kombe la bega, mbele na nyuma, ingawa lilikuwa limeshakauka.

Mchana tulilala sote watatu chumbani mwake, chini, kwenye zulia la sufu, masanduku mawili yakiwa kando ya mlango. Sijawahi kulala vile. Kila nilipofumbua macho niliona vumbi linaelea kwenye mwanga, nikasikia watu wakipumua, na sikuweza kuhesabu kama walikuwa watatu au watano.

Tukarudi na Zisis. Tulimweka mahali pake, na Garufalia akafuta jina kwenye kisanduku akaliandika upya kwa mkono wake mwenyewe. Mwezi wa nane alikwenda Ano Rahi kumsaidia bibi kuvuna maharage, akakaa wiki. Majira ya baridi akaenda tena, theluji ikafunga njia, akabaki mpaka kuchanua. Watu wa Kastanula walisema ana wazimu, mjane kuacha nyumba yake kwenda kulea mama wa mtu. Alimtunza Bibi Lemonia miaka sita, akamfumba macho, na nyumba akaachiwa yeye. Kule wanamwita binti wa Lemonia. Mbegu za maharage yao ni nzuri kuliko zetu, na kila mwaka wakati wa kukamua zabibu huniletea mfuko, analala kwangu siku mbili, na anakoroma kiasi kwamba njiwa wanahama.